Si Bushta na Saa ya Baada ya Idi

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, Bwana Mfaddal alimwambia Ghizlan agawe nyama, na hapo ndipo Si Bushta alipoacha kula.

Mtu asiyefanya kazi ofisini kwetu ataona ni jambo dogo. Kila Ijumaa baada ya sala kuskusi huletwa kwenye sinia moja kubwa la udongo, mboga juu, nyama katikati, na sote tunalizunguka, kila mtu akila upande wake. Nyama haiguswi mpaka mmoja aigawe. Tangu nianze kazi hapa Casablanca, mgawaji alikuwa Si Bushta; hilo 'Si' kwetu ni 'Bwana' ya heshima, kama 'Lalla' ilivyo kwa mwanamke. Hakuna aliyempigia kura. Alikuwa mkubwa wetu kikazi, anajua nani anapenda mafuta na nani hana magego, na mkono wake haukuwa na upendeleo.

Sasa Bwana Mfaddal, mkurugenzi wetu, akakunja mikono ya shati na kusema, "Lalla Ghizlan, leo tugawie wewe. Wiki hii umetubeba."

"Mimi?" Ghizlan akacheka. "Si Bushta si atanikata mkono!"

Tulicheka wote isipokuwa mwenye jina.

"Gawa tu, binti," Si Bushta alisema. "Wenye nyama yao wameshasema."

Akaweka kijiko chini, akasema tumbo linamsumbua. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni mwake. Jina langu Zuhur, kazi yangu ni kuzijaribu programu kabla wateja hawajaziharibu, kwa hiyo kitu kinachotaka kupasuka nakijua nikikiona. Tumbo lake lilikuwa zima. Ulikuwa wivu, wivu mtupu, na ulikuwa umempanda mpaka masikioni.

Lazima niseme ulianzia wapi. Tunahudumia kampuni ya mabasi ya mikoani. Tiketi zote, nafasi zote na saa zote za kuondoka hupita kwenye mfumo wetu, na mfumo ule aliujenga Si Bushta akiwa bado na nywele. Aliujenga kwa namna ya zamani: programu upande mmoja, na mipangilio yake yote upande wa pili, katika faili moja refu ajabu. Bei imeandikwa humo. Njia za mabasi humo. Sehemu gani ya programu izungumze na ipi, humo humo. Ukitaka kubadilisha chochote hugusi programu, unafungua faili. Shida ni kwamba lilikuwa limerefuka mpaka hakuna aliyethubutu kulifungua ila yeye. Ukiweka alama moja mahali pasipo pake, Tangier hakuuzwi tiketi.

Basi tulimfuata kila saa. "Si Bushta, samahani, mstari huu unafanya nini?" Naye atavua miwani, aifute kwa shati, akuache usubiri. Alipenda ule muda wa kusubiriwa. Mimi sikumlaumu, mtu ana haki ya kupenda kuhitajiwa.

Sherehe yake kubwa ilikuja mara mbili kwa mwaka. Kwetu saa za nchi nzima hurudishwa nyuma kwa saa moja Ramadhani ikikaribia, na Jumapili baada ya Idi husogezwa mbele tena. Katika mfumo ule saa haikujisogeza yenyewe. Alikuwa akipigiwa simu Jumamosi, anakuja na kanzu yake na chupa ya kahawa, anafungua faili, anabadilisha mstari mmoja. Mmoja tu! Halafu anaketi tumpongeze kama aliyetoa mtoto kisimani.

Ndipo akaja Ghizlan. Binti wa mji wa Khouribga, alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa Lille, Ufaransa, akarudi kwa sababu baba yake alianza kuumwa. Mpole, mcheshi, anasikiliza mpaka umalize. Kampuni ya mabasi ilikuwa inataka mfumo mpya, na kazi ya kuchagua kiunzi, yaani ile mifupa ya programu ambayo sisi wengine huivika nyama, walipewa wote wawili. Bwana Mfaddal alidhani anawaheshimu wote wawili.

Kila mmoja alileta chaguo lake kwenye kikao. La Si Bushta lilikuwa kiunzi kilekile kikongwe, toleo jipya, na faili lake refu lenye kila kitu. La Ghizlan lilikuwa kinyume. Kiunzi chake kilitaka mipangilio ikae mlemle ndani ya programu, kama vibandiko vifupi juu ya kila sehemu: hii inauza tiketi, hii inatuma ujumbe. Kikiwaka kinavisoma vibandiko na kujiunganisha chenyewe. Na lile faili refu hakikuwa na haja nalo hata kidogo.

"Na mtu akitaka kubadilisha kitu?" Si Bushta aliuliza.

"Anafungua sehemu ileile, anakiona hapohapo," Ghizlan alijibu. "Hahitaji kumsumbua mtu."

Masikini, alidhani anamhurumia. Kwa Si Bushta kusumbuliwa ndiko kulikokuwa kuishi.

"Kwa hiyo kila kitu ndani," alisema.

"Karibu kila kitu," alisema Ghizlan.

Lakini Si Bushta alikuwa ameshasimama. Akasema ana simu ya nyumbani, akatoka, mlango akaufunga polepole kuliko kawaida, na kwa Si Bushta hiyo ni hasira kubwa. Kikao kiliendelea bila yeye. Mengine yalisemwa ambayo hakuyasikia, na chaguo la Ghizlan likapita.

Kesho yake nilimfuata mezani. "Si Bushta, jana ulitoka mapema. Kuna neno lilisemwa linalokuhusu."

"Zuhur, kama ni habari zake, peleka kwa mwingine."

"Muhtasari wa kikao umetumiwa, usome basi."

"Nikisoma nitanenepa?"

Hakuusoma. Nilimjua vizuri, ukimsukuma anakaza, nikamwacha.

Ramadhani ile ilikuwa vigumu kumtazama. Mfumo mpya uliwashwa katikati ya mwezi na ukafanya kazi. Hilo ndilo lililomuua. Angefurahi ungeanguka siku ya kwanza. Kila simu ikilia kwenye meza ya Ghizlan, anainua kichwa. Bwana Mfaddal akipita na kusema "Lalla Ghizlan", anahesabu. Alikuwa akijua amemsalimu kwanza nani, amecheka mzaha wa nani, mlango wa ofisi yake umefungwa na nani ndani. Siku moja nilimtania: "Si Bushta, unavyomchungua binti wa watu, utafikiri unataka kumposa."

"Nimpose? Nimpe na faili langu liwe mahari?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Macho yalikuwa mekundu, na haikuwa kwa ajili ya funga.

Nyumbani kwake alikuwapo mama yake, Mama Yamna, mwenyeji wa mji wa Taza, mwembamba, mdomo haujui breki. Alikuwa amekuja kufunga na mwanawe. Lakini akili yake yote ilikuwa Taza kwa mjukuu wake Nisrin, binti wa dada yake Si Bushta. Nisrin alikuwa anaposwa. Ramadhani haina posa, kwa hiyo imekwisha tu watu wote hukimbilia siku ya kwanza inayopatikana, na siku yao ilikuwa Jumapili ile baada ya Idi, alasiri. Wakwe wakae, waseme, Fatiha isomwe. Mama Yamna ndiye aliyemlea Nisrin tangu anatambaa, mamake akiwa kiwandani. Alikuwa ameshasema mara nyingi, mpaka mimi niliyefika mara moja tu kumpa mkono wa Idi niliyasikia: "Mimi sitaki zawadi, sitaki kanzu. Nataka kukaa kando ya mtoto wangu Fatiha ikisomwa. Basi."

Tiketi yake ilikatwa mapema, kwenye mfumo mpya. Basi la nyongeza la Idi, Casablanca hadi Taza, saa nne asubuhi. Mabasi ya nyongeza hayako kwenye ratiba ya ukutani. Saa zake zinajulikana na mfumo tu.

Jumamosi ikafika, siku ya kuamkia mabadiliko ya saa. Si Bushta alikaa nyumbani na simu mkononi. Aliniambia haya mwenyewe baadaye, bila kupamba. Kanzu ilikuwa imepigwa pasi. Chupa ya kahawa ilikuwa imejazwa. Kila mwaka simu ililia kabla ya adhuhuri. Safari hii haikulia adhuhuri, haikulia alasiri, haikulia kabisa.

Mwanzoni aliumia. Baadaye, anasema, furaha ikaanza kumpanda kidogokidogo, furaha asiyotaka mkewe aione. Kama hakuna aliyempigia, basi hakuna aliyekumbuka. Yule binti amekaa sana Lille, hana habari na saa zetu. Ameifungia saa ya Ramadhani ndani ya programu pamoja na vibandiko vyake vyote, na kesho, siku ambayo nchi nzima inarudi kutoka kwao, tiketi zote zitakuwa zimebaki nyuma saa moja. Mtu mwenye tiketi ya saa nne atafika saa nne na basi lake ni saa tano. Watajazana kituoni, watapiga kelele, na Bwana Mfaddal atatafuta kanzu moja tu.

Angeweza kupiga simu yeye. Namba yangu anayo, ya Ghizlan anayo. Hakupiga. Alitaka amwone akianguka.

Asubuhi ya Jumapili Mama Yamna alikuwa ameshavaa, kifurushi cha keki za lozi mapajani, mtandio mpya kichwani.

"Twende, mwanangu."

"Kaa, mama. Basi ni saa tano."

"Karatasi inasema saa nne. Mkeo kanisomea."

"Karatasi imekosea. Mashine yao imelewa. Kunywa chai."

"Mashine inalewa siku ya Fatiha ya mjukuu wangu?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu. Mtaalamu hapa ni nani?"

Mama akakaa. Akasimama, akakalishwa. Akasimama tena, akamiminiwa chai ya tatu. Si Bushta alikuwa na utulivu wa mtu anayekwenda kutazama mchezo ambao matokeo yake anayajua. Walipofika kituoni, dakika chache kabla ya saa tano, alikuwa anatembea mbele ya mama yake, shingo ndefu, akitafuta kelele.

Hakukuwa na kelele. Watu walikuwa wanapanda mabasi yao, wakipakia mabegi, wakibusiana. Mahali pa basi la Taza palikuwa patupu, paka amelala.

"Basi la nyongeza la Taza?" alimuuliza mpakia mizigo.

"La saa nne? Limeondoka saa nne, hajji. Ulitaka liondoke lini?"

Siku hiyo zamu ya ofisini ilikuwa yangu na Ghizlan. Tulikuwa tunakula mabaki ya keki za Idi na kutazama skrini ikienda vizuri. Simu yangu ikalia. Vidole vilikuwa na sukari, nikabonyeza kipaza sauti.

"Zuhur," alisema Si Bushta. Sauti ilikuwa ndogo. "Uko na nani?"

"Na Ghizlan. Kuna nini?"

"Basi la Taza limemwacha mama."

"Limemwacha vipi? Limeondoka saa ngapi?"

"Saa nne."

Ghizlan alisimama, keki ikaanguka. Rangi ilikuwa imemtoka. "Si Bushta, tiketi imeandikwa saa ngapi? Imekosea? Tafadhali niambie haraka. Kama saa imekosea nasimamisha kila kitu sasa hivi, nampigia na Bwana Mfaddal."

Nilimwangalia Ghizlan, nikaiangalia simu. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa na neno moja tu la kusema na binti huyu angekwisha. Ndilo neno alilolisubiri mwezi mzima huku akifunga na kuswali. Nilisikia pumzi yake. Nawaambia ukweli, sikujua atasema nini, na nilimchukia kidogo kwa kunifanya nisijue.

"Tiketi..." alisema. "Tiketi ile..."

"Lete hapa hiyo simu," ikasikika sauti nyingine, na kishindo kidogo, na Mama Yamna akaingia hewani. "Binti yangu, wewe ndiye wa mashine? Mimi Yamna, mamake huyu. Mashine yako haina kosa. Imesema saa nne na basi limekwenda zake saa nne, lina adabu kuliko watoto wangu. Huyu ndiye kanikalisha nyumbani nikinywa chai mpaka tumbo limejaa. Kila nikisimama, kaa mama, mashine yao imelewa. Aliyelewa ni yeye, na sijui kanywa nini."

Ghizlan aliketi. Alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. "Mama, pole sana. Ngoja nikutafutie nafasi."

Akaanza kutafuta, vidole vinakimbia. Mabasi ya Taza yalikuwa yamejaa mpaka usiku. Sauti ya Si Bushta ikarudi, ya mtu anayeuliza asichotaka kujibiwa. "Lakini saa nani kaisogeza? Hakuna aliyenipigia."

"Tulishaipanga tangu siku mfumo ulipowashwa," Ghizlan alisema bila kuinua macho. "Tuliandika tarehe, ikajisogeza yenyewe. Saa haimo ndani ya programu, Si Bushta. Iko nje, kwenye faili, vilevile ulivyokuwa ukifanya wewe. Saa inaamuliwa na serikali, huwezi kuifungia ndani. Niliyasema kwenye kikao, nikasema wazo hilo nimelichukua kwako. Hukuusoma muhtasari?"

Nilijibu mimi moyoni, maana ndilo lile neno nililotaka kumpelekea.

Ghizlan alipata kiti kimoja cha Fez, saa sita, aliyekikata amekirudisha. Akampigia mjomba wake wa Fez aende kumpokea mama kituoni na kumpandisha teksi ya Taza. Kiti kilikuwa kimoja, kwa hiyo Si Bushta alibaki chini akipunga mkono kwenye kioo, na mama yake hakumpungia.

Mama Yamna alifika Taza jua linazama. Wakwe walikuwa wamemsubiri mpaka ikawa aibu kuendelea kusubiri, Fatiha ikasomwa. Dada yake Si Bushta alimtumia picha. Nisrin amekaa kwenye kochi, macho yamevimba, na kando yake wameacha mto mtupu, wametandika juu yake shali ya Mama Yamna ya nyumbani. Jumatatu nilimkuta anaitazama picha ile kazini. Hakuificha.

"Amemwambia Bwana Mfaddal?" aliniuliza.

"Nani?"

"Unajua nani."

"Hajasema neno, Si Bushta. Amesema tu jana ilipita salama."

Aliiweka simu kifudifudi. "Angesema, ningepona. Sasa hata roho safi anayo yeye."

Mtu amejifanyia mwenyewe, amemfanyia na mama yake, na bado alikuwa na nafasi moyoni ya kumwonea kijicho mwenzake kwa wema. Nilikasirika, na nilimhurumia, na chai yangu ikapoa.

Mama Yamna hakumpigia mwanawe siku kadhaa. Alipoanza kupiga simu tena, hakuuliza habari za mwanawe. "Yule binti wa saa hajambo?" Kila jioni. Amekula? Ana mchumba? Baba yake anaendeleaje? Si Bushta alikuwa akilazimika kuja kwenye meza ya Ghizlan kila asubuhi kuulizia afya ya mzee wa Khouribga, amesimama wima, anauliza kama karani wa pasipoti, ili apate cha kujibu jioni.

Ijumaa ya pili baada ya Idi, wote tukiwa tumesharudi kutoka mapumzikoni, kuskusi ililetwa tena. Tulikuwa tumeikosa zaidi ya mwezi. Bwana Mfaddal alivuta kiti na, kwa kuwa hana habari na lolote duniani, akasema, "Haya, Lalla Ghizlan."

Ghizlan alilizungusha sinia kidogo kuelekea kwa Si Bushta. "Mimi siku ile nilimpa Zuhur mfupa mtupu. Agawe anayejua."

Si Bushta alivua miwani, akaifuta kwa shati, akatuacha tusubiri. Akagawa. Mafuta kwa anayependa mafuta, laini kwa asiye na magego. Kikabaki kipande kile cha katikati, kinono, kinachoachiwa mgeni au mkubwa. Alikitazama sana. Akakisukuma mpaka upande wa Ghizlan.

"Mama kasema hiki chako."

"Mwambie ahsante."

"Mwambie mwenyewe, si anakupenda wewe."

Kisha, kabla Ghizlan hajakigusa, alirudisha mkono, akanyofoa kipande cha pembeni, akakileta kwake na kukitia kinywani. Ghizlan alianza kula, na Si Bushta akawa anatafuna polepole, akimtazama mpaka alipomaliza.